System.exit inapoizima Ant katikati ya kazi

Ndugu, umeuliza kwa nini tangu uhamie Java 21 na toleo jipya la Ant, zana ya kujenga programu za Java, kazi hukatika katikati bila kuandika kwamba imefaulu wala imeshindwa. Yalinikuta hayo hapa Kampala, nikitengeneza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha Jinja.

Katika build.xml yetu, yaani faili la maagizo ya Ant, kipengele cha java kisicho na fork (agizo la kuendesha programu katika mchakato wake tofauti) kiliendesha programu ndogo ya kuhakiki mipangilio, nayo ilimalizia kwa System.exit(0), amri ya kumaliza na kurudisha namba 0. Amri hiyo haifungi programu peke yake, bali huizima mashine pepe yote ya Java (JVM, inayoendesha programu za Java), na kwa kuwa Ant ilikuwa imo humo humo, ilizimika nayo. Kibaya zaidi kilikuwa ile sifuri, ambayo humaanisha kazi imefaulu: skripti ya usiku ilipoiona ilidhani mambo ni shwari, ikaichukua jar (faili la programu iliyokwisha kujengwa) ya wiki iliyopita na kuipeleka kwenye seva. Asubuhi mteja aliuliza mbona kosa la hesabu ya riba bado lipo, ilhali jana yake nilikuwa nimemhakikishia kwamba limekwisha.

Zamani Ant ilijikinga kwa SecurityManager, mlinzi wa ndani ya Java, ikiinasa exit na kuigeuza kuwa hitilafu ya kawaida. Kuanzia Java 18 kinga hiyo haiwekwi programu ikiwa inaendeshwa ila kwa ruhusa maalumu, na Java 24 imeizima kabisa. Kwa hiyo sishauri uhangaike kuifufua.

Weka fork="true" ili programu iendeshwe katika mashine yake, ikifa ife peke yake, na usisahau failonerror="true", kwa sababu bila hiyo Ant huipuuza namba ya kosa na kuendelea na safari. Utapoteza muda kidogo wa kuwasha mashine ya pili, nami naona ni bei nafuu.

Ichunguze pia namba yenyewe. Mwenzetu alikuwa akiirudisha idadi ya makosa kupitia exit. Linux hubakiza 0 hadi 255 tu, hivyo makosa 256 husomeka kuwa 0, yaani hakuna kosa. Tulimwomba arudishe 1 kwa kosa lolote, na exit ibaki ndani ya main, sehemu programu inapoanzia, peke yake, maana ikiitwa ndani ya try, sehemu ya finally inayopaswa kufuata kwa usafishaji haitekelezwi, na faili zilizotegemea kufungwa humo hubaki nusu.