Kabla ya tofali, uliza jua linazama wapi

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia ramani ya nyumba anayotaka kujenga Kibaha. Vyumba vitatu, sebule pana, na lile paa la kujificha nyuma ya ukuta ambalo kila mtu analitaka siku hizi. Alitaka nimshauri anunue tofali gani. Nikamuuliza, "Jua linazama upande gani wa kiwanja chako?" Akanyamaza kidogo. "Dada, nimekuuliza tofali, wewe unaniuliza jua?"

Ndiyo, naanza na jua, kwa sababu mimi nilianza na tofali na nikalipia miaka sita.

Nyumba yangu iko Kigamboni. Mchoraji wa ramani hakuwahi kukanyaga kiwanja, na mimi sikujua kwamba ilimpasa. Chumba cha watoto kikaangukia magharibi, dirisha kubwa, upenu mfupi. Kuta ni za tofali za saruji za inchi sita, nzito, zimepigwa plasta vizuri. Ikifika Januari mambo yalikuwa hivi: saa tatu usiku, nje upepo umeshapoa, unaingia chumba kile unaweka kiganja ukutani, ukuta una moto kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa punde. Watoto wanachukua mkeka wanakwenda kulala koridoni. Nilidhani ni joto la Dar tu, kila mtu analo. Siku moja nikagusa ukuta wa chumba cha wageni, upande wa kusini mashariki. Baridi. Nyumba ile ile, tofali zile zile, fundi yule yule.

Tofali zito linakunywa joto mchana na kulitema usiku. Iringa au Njombe hiyo ni neema, maana usiku baridi inapobisha hodi ukuta bado una akiba ya jua la mchana. Pwani usiku wenyewe ni wa joto na unyevu, hakuna anayeihitaji akiba hiyo. Kwa hiyo ukuta mzito Dar hauna madhara ukikaa kivulini, ila ukiachwa wazi kwa jua la alasiri unageuka jiko.

Kwanza nilikimbilia kiyoyozi. Cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hula takriban kilowati moja kinapovuta. Kikivuta mfululizo saa nane za usiku, ni kama uniti nane. Feni ya dari ya wati 70 kwa saa hizo hizo inakula nusu uniti na kidogo. Sasa kumbuka kwamba mteja mdogo wa umeme wa nyumbani, yule wa kundi la bei nafuu liitwalo D1, anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku. Kiyoyozi kimoja tu kinakutoa humo. Nilikuwa nanunua LUKU ili kupambana na ukuta nilioujenga mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko bei ya kiyoyozi.

Nikaanza kuuliza watu wanaojua, na kuangalia jua lenyewe. Kwa Dar es Salaam, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita upande wa kusini kidogo. Miezi iliyobaki linapita kaskazini. Pande hizo mbili ni rahisi kuzilinda, kwa kuwa jua la huko liko juu na upenu unalikata. Hata Juni, linapoinama zaidi kaskazini, upenu wa sentimita 90 unatia kivuli mita moja na nusu ya ukuta ulio chini yake saa sita mchana. Hapo dirisha zima limepona. Paa la kujificha halina upenu kabisa. Ukilipenda sana, basi kila dirisha lijengewe kofia ya zege juu yake, na iwe kofia kweli, isiwe ukingo wa kiganja kimoja.

Mashariki na magharibi upenu hausaidii sana. Jua linakuja limelala, linakutazama usoni. Huko dawa ni kutoweka madirisha makubwa, na kupanga vyumba visivyolaliwa: choo, stoo, ngazi, jiko. Kwa hiyo nyumba ndefu ilaze mashariki–magharibi, ncha zake fupi ndizo zipigwe na jua, migongo yake mirefu itazame kaskazini na kusini.

Na hapa upepo unakubaliana na jua. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini mashariki, ndiyo miezi ya joto kali. Kusi inachukua zamu katikati ya mwaka ikitokea kusini mashariki. Pepo zote mbili zina asili ya mashariki. Ukiliweka jiko magharibi, moshi wa mkaa na joto la kupikia vinaondoka zao badala ya kupita sebuleni.

Upepo lakini hauingii chumba kisicho na pa kutokea. Nyumba ya bibi yangu Temeke ilikuwa ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, kuta za ndani hazikufika juu kabisa. Sisi watoto tulilala pale ukumbini mchana na kanga zilizoanikwa uani zilikuwa zikipepea. Hakukuwa na feni. Leo tunajenga vyumba vyenye dirisha moja na mlango uliofungwa, halafu tunalalamika hewa nzito. Kama chumba hakipo kwenye kona, weka tundu lenye luva, yaani vibao vilivyoinama vyenye nafasi katikati, juu ya mlango. Na kabla hujalipia madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kando, jua kwamba yanafunguka nusu tu. Nusu nyingine umenunua kioo cha kuzuia upepo. Ya kufunguka nje, au ya luva, yanakupa uwazi karibu wote. Wavu wa mbu uoshwe pia. Wangu niliukuta umeziba vumbi kiasi kwamba niliposugua kwa brashi pazia likaanza kucheza.

Paa ndilo linalopigwa jua tangu asubuhi hadi jioni, nyumba yoyote ile. Bati likishapata moto linamulika joto chini, na dari ya jipsamu peke yake ni nyembamba, haiwezi kulizuia. Usichague bati la rangi ya makaa au maruni kwa kupendeza barabarani. Jeupe au la rangi hafifu linarudisha jua jingi. Mwambie fundi anayepaua atandike karatasi ya alumini chini ya bati, akiacha nafasi ya hewa, isigusane na bati. Kisha paa lipumue: matundu kwenye gebo, yaani ukuta wa pembetatu chini ya paa, pande zote mbili, na matundu chini ya upenu. Yafunge kwa waya mdogo, la sivyo popo watahamia, nasema kwa niliyoyaona.

Sasa tofali. Mdogo wangu alikuwa na subira hadi hapa, nawe pia. Pwani, zege na tofali za saruji zinafaa zikiwa kivulini. Mimi leo ningejenga kwa tofali za kufungamana, za udongo wenye saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ulizihamasisha kwa muda mrefu. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna miti inayokatwa kwa ajili ya tanuru, na zinatumia saruji ya kuunganishia kidogo sana. Ila udongo upimwe kwanza, na tofali zimwagiliwe kivulini angalau wiki moja. Nimeona zilizoharakishwa zikimomonyoka kona mvua za masika zilipoanza.

Nyumba yangu nimeitibu kwa kadiri ya uwezo. Magharibi niliongeza kibaraza cha mita mbili, nikatandaza waya kwenye nguzo na kupandisha pasheni. Msimu wa pili ukuta wote ulikuwa umefunikwa majani. Saa tatu usiku nikaenda na kiganja changu. Vuguvugu tu. Mikeka ikarudi stoo, kiyoyozi kinawashwa siku za kuhesabu.

Mdogo wangu alinipigia juzi akiwa kiwanjani, saa kumi alasiri kama nilivyomwambia.

"Dada, linazama upande wa chumba chetu cha kulala."

"Msingi umechimbwa?"

"Bado. Fundi ameshapigilia vigingi na kufunga kamba."

"Mwambie ang'oe, ageuze nyumba."

Nikasikia anamwita fundi.