Usimimine asidi ya betri kwenye maji ya chujio la mavi ya chuma

SWALI: Mhandisi, nina nyumba ya wageni Kampemba, hapa Lubumbashi. Maji machafu yanatoka kwenye shimo la septiki moja kwa moja hadi tangi la mavi ya chuma (mawe ya mabaki yanayobaki chuma kikiyeyushwa), ili yaondolewe fosfati, yaani mbolea inayootesha mwani bwawani. Yanatoka maangavu, lakini karatasi ya pH, ya kupima ukali wa maji (7 ni ya kawaida, chini yake ni asidi, juu yake ni alikali), inaonyesha 12, na samaki wa bwawani wamekufa. Kijana mmoja ananiuzia bidoni za asidi ya betri zilizokufa. Nimimine kiasi gani?

JIBU: Hata tone moja usimimine, Baba. Swali hili naletewa mara nyingi mno, na mara nyingi bidoni imeshanunuliwa.

Hiyo 12 ndiyo kazi yenyewe ya chujio. Chokaa iliyomo kwenye mavi ya chuma inayeyuka, maji yanakuwa ya alikali, na hapo kalsiamu inashikana na fosfati na kuganda juu ya kokoto. Siku pH itakaposhuka yenyewe, ujue fosfati nayo imeanza kupita. Kwa hiyo maji yatulizwe, yaani pH ishushwe karibu na 7, yakishatoka kwenye tangi. Asidi ikigusa kokoto, fosfati iliyoganda inayeyuka na kurudi majini.

Labda utasema utaimimina “kidogo kidogo” kwenye maji yaliyokwisha kutoka. Pipa la lita 200 lenye pH 12 linatulizwa na kama mililita 220 za asidi ya betri, yaani glasi moja. Glasi ya pili inalishusha hadi pH 2, sawa na maji ya ndimu. Katikati hapo hakuna breki, kwa sababu chokaa imeshaziondoa karibu kaboneti zote, chumvi ambazo huyazuia maji yasiruke namna hiyo. Nilisimama kando ya pipa kama hilo, mwenyewe akimimina kwa kikombe kidogo cha kahawa. Vikombe vitatu karatasi ikabaki buluu iliyokoza. Cha nne, nyekundu. Kesho yake alikuwa anamimina chokaa kurekebisha asidi.

Tena asidi ya betri zilizokufa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hata pH ikiwa 7 barabara, risasi hiyo haijaenda popote: inatua kwenye tope la bwawa lako.

Tumia kaboni dioksidi. Chupa ya gesi kama ile ya watengeneza soda, bomba lenye vitundu vidogo chini ya pipa, mahali penye hewa wazi, maana gesi hiyo ikijaa chumbani inaua. Mita moja ya ujazo inataka karibu nusu kilo. Hata ukizidisha, maji yatasimama karibu na 6. Yatageuka meupe kama maziwa kwanza. Hiyo ni kaboneti ya kalsiamu, yaache usiku kucha itue. Kama gesi ni ghali, yapitishe polepole kwenye kitanda cha udongo, mboji na matete, kwa kuwa mizizi na vijidudu hutoa gesi ileile. Pima kila siku mpaka ujue kitanda chako kinabeba kiasi gani.

Kuhusu samaki: pH ikipita 9.25, zaidi ya nusu ya amonia iliyomo majini inakuwa gesi, na samaki hawaivumilii. Ndiyo inayochoma macho ukiinama penye bomba. Weka matete mengine kabla ya tangi, yapunguze amonia mapema.

Wauzaji hawa wananikasirisha kweli. Katanga kila mtu anajua asidi inavuta shaba kutoka kwenye jiwe, basi wanaiuza kama dawa ya kila kitu. Wengine wanauza hata mawe meusi ya terili ya shaba, yaani lundo la mabaki ya kiwanda cha shaba, wakiyaita mavi ya chuma. Kiwanda cha hapa Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba 1911, na mabaki yake yana shaba, kobalti na zinki. Chokaa ya kukamata fosfati hayana ya kutosha. Mwaga asidi juu yake uone ni nini kitakachoshuka hadi mto Kafubu.

Kabla ya kununua mzigo mwingine wa mavi ya chuma, omba konzi moja ya mawe hayo, itie kwenye chupa ya maji safi, ilale usiku. Asubuhi chovya karatasi. Kama pH haijapita 10, mrudishie mawe yake.