Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mtihani wa Uandishi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza iwapo ufanye mtihani wa uandishi wa Kiingereza wa CLEP, ile mitihani ya Marekani ambayo ukifaulu chuo kinaweza kukupa krediti, yaani vipimo vya masomo yanayohesabiwa kwenye shahada, bila kusoma kozi yenyewe, ili usikae mihula miwili katika kozi ambayo, kwa maneno yako, itakurudisha kwenye mambo uliyoyamaliza sekondari Mombasa. Ufanye, lakini usilipe ada kabla ofisi ya msajili wa chuo chako haijakujibu kwa maandishi.

Nasema hivyo kwa kuwa anayetunga mtihani siye anayetoa krediti. College Board, shirika la Marekani linaloendesha CLEP, hutunga na kutoa alama kati ya 20 na 80; Baraza la Elimu la Marekani hupendekeza kwamba mwenye 50 apewe krediti 6; lakini pendekezo hilo halikilazimishi chuo chochote. Vipo vinavyotoa 3, vipo visivyoutambua kabisa, na vipo vinavyozihesabu kuwa krediti za somo la hiari huku sharti la uandishi likibaki palepale. Hao wa mwisho ndio wa kuogopwa, kwa sababu mwanafunzi huziona krediti kwenye rekodi yake, akatulia, na karibu na mahafali ndipo anapoambiwa bado anadaiwa kozi. Kwa hiyo usiulize tu kama wanaupokea. Uliza unachukua nafasi ya kozi ipi, kwa namba yake. Ukikusudia kuhamia chuo kikuu kingine, waulize na wa huko.

Uwe mwangalifu na jina pia, kwani ipo mitihani miwili inayokaribiana: College Composition, wenye insha mbili ndani yake, na College Composition Modular, ambao suala la insha huachiwa chuo chenyewe.

Ule wa kwanza una maswali 50 ya kuchagua jibu kwa dakika 55, kisha insha mbili kwa dakika 70. Sarufi inayokukosesha usingizi ni takriban asilimia 10 tu ya maswali hayo; sehemu kubwa zaidi ni kurekebisha rasimu ya mtu mwingine, yaani sentensi ipi ihamishwe, ipi ifutwe. Insha ya kwanza, ya dakika 30, utatetea msimamo wako kwa mifano ya maisha na ya uliyoyasoma, na hiyo sina wasiwasi nayo. Ya pili, ya dakika 40, hukupa vifungu viwili vya waandishi tofauti na kukutaka uvitumie vyote na kuvitaja. Hapo ndipo malezi yetu ya insha, yenye utangulizi mrefu na methali mbili tatu, hayasaidii. Usimweleze mwandishi wa kwanza aya nzima kisha wa pili aya nzima. Anza na dai lako, halafu wakutanishe: huyu anasema mji upanue barabara, yule anaonyesha kwamba barabara pana huongeza magari, nami naona hivi kwa sababu hii.

Insha husahihishwa na walimu wa vyuo, hivyo alama hazitoki siku hiyohiyo, na ukishindwa utasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia. Panga tarehe mapema, usajili wa muhula usikupite.

Wakati ukimngoja msajili, andika insha mbili za aina ya pili kwa kufuata saa, unitumie kama zilivyo, bila kuzipitisha kwenye programu ya kusahihisha.

Mama yako