Jibu: Julai na watoto Kigoma, kuna makumbusho ya meli?

Dada, umeuliza kama Kigoma kuna makumbusho ya meli ya kuwapeleka watoto Julai. Ya mpelelezi Livingstone (si ya meli) ipo Ujiji, panda daladala tu. Ila kwangu mimi, makumbusho yenyewe ni Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wasimulie: Wajerumani waliiunda Papenburg 1913, wakaifungua vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, ila injini wakazipaka grisi kwanza zisile kutu (hesabu kali hiyo!). Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Tarehe zenu ziepuke mbalamwezi. Usiku wa giza ndipo wavuvi wa dagaa huwasha taa, ziwa likawa kama mji. Masweta mbebe, upepo wa kusi si mchezo.