Masta ya mawimbi ya ubongo bila kuacha kazi

SWALI: Dada, mi niko Uingereza, napima EEG (mawimbi ya ubongo) hospitali mwaka wa nne sasa, elektrodi 21 kila kichwa mpaka vidole vinanuka ile pesti ya kubandikia. Nataka masta ila kazi siachi, nina watoto. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana kabisa mdogo wangu, kuna STP, ile programu ya miaka 3 ya kufundisha wanasayansi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, ina njia ya walio kazini tayari, yaani mwajiri ndo anakupendekeza halafu masta unasoma humohumo huku unafanya kazi, ukimaliza unaomba usajili HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya, kama mwanasayansi wa kliniki. Ongea na bosi wiki hii, asipokubali njia hiyo haipo. Na omba ukae pia chumba cha kupima neva, wale wagonjwa wa ganzi za vidole, EEG peke yake haitoshi.