Maswali ya Wasomaji: Niweke "for", niweke "about", au nisiweke kitu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kazini naandika imeili za kiingereza kila siku na bosi akinirudishia unakuta kahangaika na vile vineno vidogo tu. Niliandika "we discussed about the report" akafuta "about". Nikaandika "I request for two days" akafuta "for". Nikajua bas kumbe dawa ni kufuta, nikaandika "I am waiting your reply", si akaniongezea "for"! Sa nishike lipi? Kuna kanuni au ni kukariri tu? (Aliyechoka kusahihishwa)

JIBU: Marahaba. Pole, ila bosi wako yuko sawa mara zote tatu.

Kanuni moja ya vitenzi vyote haipo, na atakaekuambia ipo mwache aende zake. Lakini makosa yako hayajatokea hewani, yana mahali yanapotoka, na ukipajua utapunguza zaidi ya nusu bila kukariri chochote kipya.

Anza na hayo mawili ya mwanzo. Kiingereza kina maneno ambayo yakiwa nomino yanataka kihusishi, yani hivyo vineno vidogo kama for, about na to, yakiwa kitenzi hayataki. Tunasema "a discussion about the report", "a request for leave", "emphasis on quality", "a demand for payment", yote sawa kabisa. Alafu tunalichukua lile lile tunalifanya kitenzi huku mkia bado unaning'inia, ndo unapata "discuss about", "request for", "emphasize on", "demand for". Kitenzi hapo kinakamata kitu chake moja kwa moja: discuss the report, request leave, emphasize quality, demand payment. Ukikwama jaribu kuweka "a" au "the" mbele ya hilo neno kwenye sentensi yako, ikikubali ujue ni nomino na kihusishi kinakaa, ikikataa ujue una kitenzi na hapo ndo uangalie mara mbili. Kingine kinachotuponza ni majirani wa maana, yani "talk about" inamvuta "discuss" aige na "ask for" inamvuta "request" aige, wakati hawa kila mmoja ana tabia yake.

Hilo la "waiting your reply" ni kesi nyingine, hilo limetoka nyumbani kwetu kwenye kiswahili. Sisi tunasubiri mtu, tunasikiliza mtu, tunatafuta kitu, tunategemea kitu, hakuna neno katikati. Mwingereza analitaka hilo neno: wait for, listen to, look for, depend on. Na mchezo unageuka pia, mana sisi tuna ile "na" yetu, kufanana na, kukutana na, kuwasiliana na, kuoana na, tukivuka nayo tunaandika "resemble with", "contact with", "she married with him". Zote hizo hazitaki kihusishi, ni "resemble", "contact", "she married him". Ila ukitaka kusema ameolewa, hali yake ya sasa, ni "she is married to him", hiyo "to" usiiache na "with" usiilete.

Alafu kuna kubwa kuliko zote ambayo vitabu vingi vya sarufi haviigusi kwasababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Kiswahili kinaweza kumeza kihusishi ndani ya kitenzi, leta inakua letea, iba inakua ibia. Kiingereza hakina tumbo hilo. Ndo mana mtu kapoteza simu anaandika "I was stolen", yani yeye mwenyewe kabebwa mzima mzima! Sema "my phone was stolen" au "he stole my phone from me", na ukitaka wewe ndo uwe mtendwa badili kitenzi, "I was robbed" au "he robbed me of my phone". Na "nieleze" isikudanganye ukaandika "explain me", ni "explain it to me", japo "tell me" inakwenda bila kitu na "say to me" inataka "to". Najua inaudhi.

Ushauri wangu usiandike kitenzi peke yake kwenye daftari, kiandike na mkia wake na sentensi fupi. Kamusi za wanaojifunza kiingereza zina mifano chini ya kila maana na nyingi zinaweka T au I pembeni ya kitenzi, T ni kile kinachobeba kitu moja kwa moja, I ni kisichobeba. Watu wanaruka hizo herufi wakati jibu liko pale pale.

SWALI: Mwalimu naomba tofauti ya agree with, agree to na agree on, mi naona zote ni kukubaliana tu.

JIBU: With ni ya mtu au mawazo yake, "I agree with you". To ni ya pendekezo au sharti uliloletewa ukaitikia, "she agreed to the plan". On ni ya jambo ambalo pande mbili zimekaa zikaafikiana, "we agreed on a date". Kwahiyo kuna vitenzi ambavyo kihusishi kinabeba maana yenyewe. "He threw the ball to me" alitaka niudake, "he threw the ball at me" alitaka unipige. Shout to ni kupaza sauti mtu akusikie, shout at ni kumfokea. Ila usije ukajenga imani kwamba kihusishi kina mantiki siku zote, mana tuhuma ile ile moja utasema accuse someone of theft, charge someone with theft, na blame someone for the theft. Hapo hakuna cha kuelewa, meza tu.

SWALI: Kwanini "I look forward to meeting you" na sio "to meet"? Si nilifundishwa baada ya to ni kitenzi kitupu?

JIBU: Kuna "to" mbili. Hii ni kihusishi. Weka nomino uone, "I look forward to the trip" inakaa, lakini "I want to the trip" haikai. Ikikubali nomino basi kitenzi kikija kivae -ing. Ndugu zake ni "object to" na "be used to".

SWALI: Rafiki yangu anasema "fill out the form", mimi "fill in". Nani kakosea?

JIBU: Hakuna. Fill out inapendwa zaidi Marekani, fill in Uingereza. Ndo hivyo hivyo na "write me", Marekani inapita bila shida, Uingereza wengi watataka "write to me". Angalia anaekusoma ni nani, shika upande mmoja kwenye barua moja, na kama ni mtihani fuata kitabu mlichopewa.