Makato yangu yaliishia kwenye karatasi

Nilipofikisha miaka 55 nilivaa shati zuri, nikapanda taksi kutoka Tororo hadi Mbale, nikaenda kudai akiba yangu ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi hapa Uganda. Nilikuwa nimeendesha lori miaka 22, Mombasa hadi Kampala, na hesabu yangu niliijua kwa moyo: mimi nakatwa asilimia 5 ya mshahara, tajiri, yaani mwajiri wangu, anaongeza 10. Yule binti wa dirishani aliangalia kompyuta kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mzee, miaka hii tisa ya mwisho ulikuwa wapi?"

Nilikuwa barabarani. Makato yalikuwa yakionekana kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara, ila hayakupelekwa. Mshahara wa shilingi 600,000 unatoa 90,000 kwa mwezi, yako na ya tajiri. Zidisha kwa miezi 108, bila hata riba, uone: 9,720,000. Kampuni ilikuwa imeshafungwa, na zile karatasi ambazo zingenisaidia kudai, nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Nyinyi madereva vijana mnaolala mpakani Malaba mkingoja foleni ya malori isogee, nawaomba kama baba yenu: fungua taarifa ya akaunti yako kwenye simu, soma mwezi mmoja mmoja. Mwajiri anatakiwa awe amepeleka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anawajibika, kwa hiyo usikubali kuambiwa "sisi ni wadogo". Sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 kuchukua asilimia 20 mapema. Mimi nasema iache, labda kama unaezeka nyumba. Nimeona wenzangu wakinunulia bodaboda, na baada ya miaka miwili pikipiki haipo na pesa haipo.

Kinachotulisha leo ni kazi ya mke wangu. Sikuiheshimu vya kutosha wakati ule, na hilo linaniuma. Kila wiki alikuwa akiweka kidogo kwenye kikundi cha akina mama, na kila Desemba wakigawana ananunua matofali. Mwaka mmoja matofali, mwaka mwingine mabati, mwaka mwingine mlango. Ikamchukua miaka minane kusimamisha vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, na sasa wapangaji wawili ndio mshahara wetu. Hati ya kiwanja iliandikwa majina yetu wote wawili, tukiwa bado na nguvu za kwenda ofisini kuifuatilia.

Watoto wanasaidia, Mungu awabariki, lakini wana karo zao. Mama yangu naye anapokea zile 25,000 kwa mwezi za SAGE, msaada wa serikali kwa wazee. Zinamtosha sabuni, chumvi na sukari, na alianza kuzipata akiwa ameshapita miaka 80. Mimi kutoka 55 hadi huko ningekula nini?

Na mwili pia. Miaka yote ile ya usukani nilikula nyama choma usiku, soda mchana, sikupima presha hata mara moja, ingawa kwenye kituo cha afya cha serikali kupima ni bure. Presha iligunduliwa siku nilipoanguka. Sasa dawa ni kila siku, na dawa zikiisha kituoni inabidi kununua kwa kodi ya wapangaji.

Mwezi uliopita kijana aliyekuwa tanboi wangu, yaani msaidizi wangu kwenye lori, sasa dereva, alikuja nyumbani. Tukafungua akaunti yake tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Miezi minne haikuwepo. Hakugombana na mtu. Aliwakusanya wenzake wawili wenye pengo kama lake, wakaenda na karatasi zao za mshahara mkononi. Juzi alinipigia simu jioni: "Mzee, miezi mitatu imeingia. Nafuatilia wa nne."